Jina la Mama Nyuma ya Bahasha

Juzi kazini tulikuwa tunahama ofisi, nikapewa boksi la bahasha za zamani nizitupe. Zile za kulamba. Siku hizi bahasha zinajibandika zenyewe, unavuta utepe na kazi imekwisha, kwa hiyo nilikuwa nimeisahau kabisa ile harufu ya gundi kavu, tamu kidogo, kama unga wa muhogo uliokaa sana kabatini. Nikalamba moja. Wenzangu wakacheka, mmoja akaniuliza kama nilitoka nyumbani bila kunywa chai. Nilicheka nao, lakini siku ile sikutulia tena. Nilisoma barua pepe moja mara nne bila kuielewa, na jioni nikapita kona ya kwangu na gari bila kukata. Kuna jambo nililifanya nikiwa na miaka kumi ambalo mpaka leo halinipi raha ya kukaa kwenye kiti.

Tulikuwa tunaishi Albert Park, Durban, ghorofa ya saba, katika chumba kimoja kikubwa kilichogawanywa kwa pazia. Upande wa dirisha tulikuwa sisi watatu, Papa, Mama na mimi. Upande wa mlango alikuwa Dada Zuhura, Mtanzania wa Kigoma aliyeuza mikoba na mikanda kule sokoni Warwick, mwanamke mwenye moyo mzuri na mdomo usio na breki. Lifti ilifanya kazi pale ilipojisikia. Papa, ambaye kwetu Uvira alikuwa mwalimu wa hesabu, sasa alilinda magari ya watu ufukweni akiwa amevaa kizibao cha njano, na hata akirudi nyumbani aliendelea kulinda. Alikula amesimama dirishani, sahani mkononi, akiangalia chini nani anaingia getini. Nyuma ya mlango tuliweka begi lenye nguo chache za kila mmoja, vyeti vyetu ndani ya plastiki na tochi. Begi hilo halikufunguliwa ila pale nilipokua, Mama akatoa gauni lililonibana na kutia jingine. Nilidhani kila nyumba duniani ina begi nyuma ya mlango.

Mama alifanya kazi za nyumbani Westville siku mbili kwa wiki, kwa mwalimu wa chuo kikuu aliyetoka Marekani. Tulimwita Madame Ruth. Alikuwa mrefu, mwenye mvi, anatembea peku ndani ya nyumba, na kila chumba ungekuta kikombe cha kahawa iliyopoa ambacho alikuwa amekisahau. Shule ikifungwa nilikwenda na Mama kwa sababu hapakuwa na wa kuniachia. Nilikuwa na faida yangu pia. Kiingereza cha Mama kilikuwa cha salamu na sabuni, changu kilikuwa cha shule, basi nikawa mkalimani wao. Kazi hiyo niliipenda kupita kiasi. Watu wazima wawili wananiangalia mdomo, wanasubiri! Nilijiona kama mimi ndiye mwenye nyumba.

Likizo fupi ya mwezi wa kumi, siku ya Ijumaa, Madame Ruth alituita sebuleni. Alikuwa ameondoa kila kitu juu ya meza ya chakula isipokuwa karatasi moja ndefu, kalamu, bahasha, na vipande vya magazeti alivyotumiwa na dada yake kutoka kwao. Akaniambia nimweleze Mama kwamba mji wao unafanya uchaguzi, na kwa kuwa yeye yuko mbali, sheria inamruhusu kupiga kura kwa posta. Ila hawezi kuipiga peke yake. Lazima mtu mzima akae naye, aione karatasi ikiwa tupu, amwone akiijaza kwa hiari yake bila kulazimishwa na mtu, asione alichojaza, amwone akiifunga, kisha aandike jina lake na anwani yake nyuma ya bahasha kwamba yote hayo ameyaona.

Mama alijifuta mikono kwenye aproni. "Muulize, hata kama mutu siyo wa kwao?"

Madame Ruth akasema kwa wapiga kura walio nje ya nchi inatosha awe mtu mzima na mkweli.

"Banamuchagua président?"

Nilipotafsiri, Madame Ruth alicheka. Rais hakuwemo kabisa mwaka ule. Waliokuwemo, pamoja na wengine, walikuwa hakimu, msimamizi wa barabara, watu watatu wa halmashauri ya shule, na mwishoni swali: je, wananchi wanakubali kukatwa kodi zaidi kidogo ili maktaba ya mji isifungwe? Mimi nilivunjika moyo. Nilikuwa nimetegemea jambo kubwa, jambo la televisheni, kumbe mtu anasafirishiwa karatasi kuvuka bahari kwa ajili ya msimamizi wa barabara! Lakini Mama alishikwa na lile swali la mwisho.

"Banauliza batu kama banataka kulipa? Na batu banaweza kusema hapana?"

"Wanaweza," nikatafsiri jibu la Madame. "Anasema mara nyingi wanasema hapana."

Mama akaniambia nimweleze kwamba naye aliwahi kupiga kura, mara moja, akiwa msichana. Kulikuwa na kadi za kijani za ndiyo na kadi nyekundu za hapana. Nyekundu zilikuwa mwisho wa meza, mbele ya askari. "Nilibeba ya kijani kabla hata baniambie swali iko nini," alisema. Madame Ruth hakucheka. Alivuta kiti na kumwomba Mama akae mkabala naye.

Kabla ya kukaa, Mama alivua aproni, akaikunja, akaiweka jikoni. Madame Ruth aliinua karatasi na kuigeuza haraka pande zote mbili, kama mtu anayetimiza sharti tu. Mama hakuridhika. Aliipokea kwa ncha za vidole, akaipeleka dirishani kwenye mwanga, akaikagua mbele na nyuma jinsi alivyokuwa akikagua kitenge kabla ya kununua.

"Iko tupu," akasema. "Mwambie iko tupu kabisa."

Madame Ruth alisimamisha boksi la nafaka za asubuhi katikati yao ili Mama asione, akaanza. Ilichukua karibu nusu saa. Alisoma vipande vya magazeti, akaguna, akarudi nyuma, akabadilisha mawazo kuhusu hakimu. Mimi nilikuwa nachezesha miguu mpaka Mama akanifinya. Yeye hakujongea. Alikaa wima, mikono magotini, macho kwenye uso wa Madame Ruth, na birika lilipoanza kupiga kelele jikoni hakuligeukia. Sijawahi kumwona mtu akifanya kazi kwa bidii namna ile bila kuinua kitu.

Kisha karatasi ikakunjwa, ikatiwa ndani, Madame akalamba gundi na kubana. Mama akageuza bahasha. Aliandika jina lake lote, la ubatizo na la baba yake na la babu yake, polepole, ulimi ukiwa umetokeza pembeni mwa mdomo. Chini yake akaandika mtaa wetu, jengo letu, ghorofa ya saba, namba ya mlango. Akaweka saini. Madame Ruth alimshika mkono kwa mikono yake miwili. Akamwomba amsaidie kuipeleka posta kuu ya mjini, kwa kuwa yeye alikuwa na vipindi hadi jioni.

Tulipofika mjini, posta ilikuwa imeshafungwa hadi Jumatatu, na Mama hakukubali bahasha ilale sandukuni. Kwa hiyo bahasha ililala kwetu Jumamosi na Jumapili, na hapo ndipo yalipoanza mambo.

Mama alishindwa kunyamaza hata dakika tano. Alimweleza Dada Zuhura kila kitu kupitia pazia. Zuhura akacheka hadi akakohoa.

"Eish! Kwa hiyo dada yangu ndiye umemchagua rais wa Marekani? Mwambie basi atukumbuke na viza."

"Sikuchagua mutu, bana. Mi njo témoin, shahidi. Niliona tu."

"Uliona nini?"

"Niliona karatasi iko tupu."

Zuhura akaangua kicheko kingine. Lakini Papa, aliyekuwa dirishani na sahani yake, aliacha kutafuna.

"Uliandika jina?" akauliza.

"Niliandika."

"Jina gani?"

"Yangu. Niko na ingine?"

"Na adresse?"

Mama akaanza kufuta meza iliyokuwa safi, na hilo lilitosha. Papa aliweka sahani chini. Nilimjua kama mtu wa maneno machache, hivyo nilishtuka alipoanza kusema na asinyamaze, akitembea kati ya dirisha na pazia, hatua nne kwenda, hatua nne kurudi. Kule Uvira, alisema, walimu waliandika barua. Barua ya heshima tu. Waliomba mwenzao mmoja aliyekamatwa aachiliwe. Waliweka saini walimu kumi na tisa, kila mmoja na anwani yake, kwa sababu hawakuwa na cha kuficha.

"Njo baaskari bakatembea na ile barua nyumba kwa nyumba," alisema. "Ginsi ilikuwa imeandikwa. Juu mpaka chini. Mi nilikuwa wa kumi na moja. Bale kumi ya mbele yangu njo balinipatia wakati ya kukimbia. Unasikia? Bale kumi."



"Ile ilikuwa kwetu," Mama akasema taratibu.

"Karatasi ya politique haina kwetu, haina kwao. Kila siku pale bureau ya bakimbizi banatuuliza: munafanya politique? Tunasema hapana. Na leo jina yako iko nyuma ya kura ya Amerika! Ichome."

"Siyo kura yangu. Siwezi kuchoma kitu ya mutu."

"Basi tutahama."

Akalifuata begi nyuma ya mlango, akalifungua, akahesabu vyeti, akalifunga. Kesho yake asubuhi alitoka kutafuta chumba kingine, upande wa Point, upande wa Umbilo, popote. Alirudi jioni amechoka, hakupata, akasema Jumatatu ataendelea. Kanisani Jumapili walikaa viti tofauti. Mimi nilikuwa katikati, na hasira zangu zilikuwa za kitoto na za kweli. Nilikuwa nimehama mara nne katika maisha yangu. Pale Albert Park ndipo nilipopata kwa mara ya kwanza shule ambayo mwalimu alijua kwamba jina langu ni Furaha, na rafiki, Nokuthula, aliyenitunzia nafasi kwenye dawati lake. Sikutaka kwenda Umbilo. Sikutaka kwenda popote. Niliwaona wazazi wangu wote wawili kuwa wajinga, maana suluhisho lilikuwa wazi mbele yao na hawakuliona.

Kura ilikuwa ndani. Jina lilikuwa nje. Ukiondoa jina, Papa ana amani, na kura ya Madame Ruth inafika kwao salama bila kuguswa. Ndivyo nilivyoelewa mambo. Kwa akili yangu, shahidi alikuwa kama mgeni anayeandika jina kwenye kitabu cha harusi. Asipoandika, bi harusi anabaki bi harusi. Na ajabu ni kwamba mimi ndiye niliyekuwa nimetafsiri masharti yote kwa mdomo wangu mwenyewe.

Jinsi ya kuondoa niliijua. Papa alinifundisha. Kwenye shule zao, mwalimu akikosea katika daftari la mahudhurio hakuruhusiwa kuchana ukurasa wala kufuta kwa mistari. Alichukua wembe, akaukwangua wino kidogo kidogo kwa upande wa makali, akalainisha karatasi kwa ukucha, akaandika tena. Papa alilifanya hilo kwa ustadi hata usijue palikuwa na kosa, na kila nilipokosea kazi ya nyumbani tulikaa pamoja akiuongoza mkono wangu. Yalikuwa masaa machache ambayo alikuwa hatazami dirisha.

Jumapili mchana Mama alikuwa kwenye mazoezi ya kwaya, Papa ametoka, Zuhura amelala. Niliifungua skafu ambamo Mama alikuwa ameiviringisha bahasha, nikakaa sakafuni na wembe wa Papa, nikaanza. Jina la Mama lilikuwa refu na alikuwa ameikandamiza kalamu kwa nguvu. Nilikwangua herufi moja moja, nikipuliza vumbi la buluu, huku nikisimamisha wembe kila lifti ilipolia. Kwenye herufi moja karibu nitoboe. Nilipomaliza mtaa na namba ya mlango nililainisha kwa ukucha, halafu kwa mgongo wa kijiko. Ukiinamisha bahasha kwenye mwanga uliona ukungu tu. Nilijiona mjanja kuliko wote wawili. Jumatatu nilimwomba Mama aniachie heshima ya kuitumbukiza. Akakubali, akaniangalia kwa fahari nikiipenyeza kwenye tundu la sanduku la posta, upande wa nyuma ukiwa chini.

Chumba kingine hakikupatikana. Wiki zikapita, hakuna askari aliyekuja, na Papa hakuacha kutafuta. Alirudi kila mara na habari ya jengo fulani ambalo lingefaa. Mimi nilisubiri apoe, kwa sababu kwa upande wangu hatari ilikuwa imekwisha, na nilishangaa kwa nini amani haiji wakati nimeshaileta. Kumwambia nisingeweza. Ningemwambia Papa, Mama angejua.

Shule ikafungwa tena, joto la mwezi wa kumi na mbili likaingia, lile la Durban linalokubandikia nguo mgongoni saa mbili asubuhi. Nilikuwa na Mama Westville Madame Ruth alipotoka chumbani kwake na barua. Ilitoka kwa karani wa mji wao, mwanamke aliyesoma naye shule ya msingi. Akanipa nimsomee Mama.

Karani aliandika kwamba anasikitika. Kura ya Ruth haikuhesabiwa. Mahali pa shahidi hapakuwa na jina, na karatasi ilionekana imekwanguliwa, naye sheria haimruhusu kuifungua bahasha isiyo na shahidi. Alikuwa ameambatanisha kopi ya nyuma ya bahasha.

"Wanasema kura haikuhesabiwa," nikamwambia Mama kwa Kiswahili, nikaishia hapo.

"Juu ya nini?"

"Sijui. Haikuhesabiwa tu."

Ilikuwa mara ya kwanza kuisaliti kazi yangu ya ukalimani, na haikunisaidia kitu, kwa sababu Mama aliichukua ile kopi mwenyewe. Mashine huona kuliko jicho. Pale nilipolainisha kwa kijiko palikuwa na doa jeusi, refu, la umbo la jina lake.

"Wembe," Mama akasema.

Madame Ruth alijaribu kulifanya jambo jepesi. Maktaba ilikuwa imeshinda kwa wingi mkubwa, alisema, kura yake isingebadilisha chochote. Labda ni mashine za posta. Mama asijisumbue. Mama alitikisa kichwa kwa adabu, akaomba abaki na kopi, akafanya kazi zake zote hadi mwisho. Tukapanda teksi ya kurudi. Alikuwa ameishika ile kopi ikiwa imekunjwa, na kila tuliposimama kwenye roboti, zile taa za barabarani, aliifungua, akaitazama, akaikunja.

Papa alipoingia jioni, alimwekea mbele ya macho.

"Wewe njo ulikwangua."

Papa aliiangalia kopi. Kisha akaniangalia mimi. Haikuwa muda mrefu, labda pumzi mbili, lakini nilijua kwamba ameshajua. Duniani kote alikuwa amemfundisha mtu mmoja tu kukwangua hivyo.

"Ndiyo," akasema. "Mi njo nilikwangua."

"Uliogopa mpaka ukanifuta."

"Niliogopa."

Mama alichukua mto wake akahamia upande wa pili wa pazia, kwa Zuhura. Siku nne hawakuzungumza. Alimpikia, akaiweka sahani dirishani, akaondoka. Zuhura mwenyewe aliishiwa na mizaha. Na Papa hakuniambia lolote, si la kunilaumu wala la kunitisha. Alinipita tu akaniwekea mkono kichwani kama kawaida yake, na huo mkono ulikuwa mzito kuliko kipigo. Nilitafuna kucha hadi zikatoa damu. Nilishuka ngazi za ghorofa saba na kuzipanda tena bila kutumwa. Nilitaka Papa anifichue, na niliogopa kwamba atanifichua.

Siku ya tano Mama alikwenda nyuma ya mlango. Alilivuta begi katikati ya chumba, akalifungua, akaanza kutoa nguo. Nilidhani anabadilisha gauni langu. Hapana. Alitoa kitenge chake, blauzi yake, viatu vyake vya kanisani, cheti chake cha ubatizo. Vya Papa na vyangu akaviacha, akafunga zipu.

"Siku utakimbia," akamwambia Papa, "utakimbia bila mimi."

Alikuwa tayari kuachwa kwa kosa langu na asiseme kitu. Hapo ndipo mdomo wangu ulipofunguka, na nilisema nikiwa nalia hata sijui kama walisikia maneno ya mwanzo.

"Siyo Papa! Ni mimi. Ni mimi nilikwangua. Nilitaka tusihame."

Nilisubiri kofi. Mama alikaa juu ya begi. Alinitazama jinsi alivyokuwa amemtazama Madame Ruth siku ile, bila kupepesa.

"Furaha," akasema, "maisha yangu yote, mara moja tu mutu aliniuliza niseme nimeona nini. Mara moja. Na nikasema. Na wewe ukanitoa."

"Nilidhani kura iko ndani…"

"Kura ilikuwa ndani. Mi nilikuwa inje. Mulango njo mi."

Akamgeukia Papa. "Na wewe juu ya nini ulisema uongo?"

"Ule wembe nilimufundisha mi," Papa akasema.

Jumanne iliyofuata nilisimama sebuleni kwa Madame Ruth nikamwambia kwa Kiingereza, Mama akiwa nyuma yangu, na sikuruka kitu. Madame alifadhaika zaidi kwa ajili yangu kuliko kwa kura. Alirudia kwamba imeshapita, hakuna haja ya lolote. Mama akaniambia nimwombe anwani ya yule karani.

Jioni ile Mama aliweka karatasi safi mbele ya Papa, kwa sababu Kiingereza kizuri na mwandiko mzuri vilikuwa vyake.

"Bamemaliza kuhesabu," Papa akamwambia. "Hii barua itabadilisha nini?"

"Siyo hesabu. Kule kuko karatasi inasema témoin hakukuwa. Nilikuwa. Andika."

Akaandika. Mama alisema kwa Kiswahili, yeye akaweka kwa Kiingereza, kwa ule mwandiko wa ubaoni, kila herufi imesimama: kwamba mimi, fulani, ninayeishi mahali fulani, niliiona karatasi ikiwa tupu, nilimwona mwenye kura akiijaza bila kulazimishwa, sikuona alichojaza, nilimwona akiifunga. Jina langu lilikuwepo. Lilikwanguliwa na mtoto wangu, si kwa ubaya, na mwenye kura hana kosa. Papa alipofika kwenye anwani, kalamu ilisimama. Mama hakumharakisha. Ikaendelea.

Mama akaweka saini. Kisha akanipa kalamu mimi. Nilisema sina saini, mimi ni mtoto. Akasema mtoto aliyekwangua anaweza kuandika. Ilibidi niitunge pale pale, nikaijaribu pembeni mwa gazeti mara nyingi hadi ikatoka namna moja mara tatu mfululizo, nikaiweka chini ya ya kwake. Ndiyo ninayotumia mpaka leo, benki na kila mahali. Chini ya saini zetu palibaki nafasi ya saini moja zaidi. Mama aliiona, na Papa aliiona, na kalamu ikarudi mezani.

Asubuhi Papa alijitolea kuipeleka posta kabla ya kazi. Tulimtazama kutoka dirishani akivuka barabara, akasimama, akarudi nyuma hadi getini, akageuka tena akaenda. Saa moja ikapita. Ikapita ya pili. Mama alifagia mahali pamoja mara tatu. Zuhura, aliyepaswa kuwa Warwick muda mrefu, alijifanya anatafuta mkanda uliopotea. Niliwaza kwamba ameitupa, kisha nikawaza kwamba amekimbia, na nikajikuta naangalia nyuma ya mlango kama begi bado lipo.

Alirudi jasho likimtiririka, kizibao cha njano mkononi. Akaweka juu ya meza kipande kidogo cha karatasi chenye muhuri wa posta.

"Nimeituma recommandé, ya rejesta," alisema. "Isipotee. Lakini banauliza nani iko anatuma. Lazima jina."

Mama akakichukua. Mimi nikachungulia chini ya mkono wake. Nilitegemea kuona jina la Mama. Palikuwa na jina la Papa, lote, na chini yake mtaa wetu na jengo letu.

"Uliandika adresse yote?" Mama akauliza.

"Yote. Hata namba ya mulango."

Mkono wake alikuwa ameuegemeza mezani. Mama akaweka wa kwake juu yake, mbele yangu na mbele ya Zuhura, akauacha hapo.